Mguu wa Kushoto

Likizo ya Agosti, ukumbi wa Kaloleni.
Baridi imesimama dirishani kama mdai.
Tarakilishi kumi na moja, watoto ishirini na watatu,
na kipanya kimoja kisichokwenda
mpaka kipigwe kofi.

Siku ya kwanza niliwaambia: picha haitembei.
Haijawahi kutembea.
Ni jicho linalodanganywa, na jicho halina kinyongo.
Mchoro, na mwingine, na mwingine,
kumi na miwili kwa sekunde moja,
ndipo jogoo anapopiga hatua.
Barasa akaangua kicheko:
"Mwalimu, huyo jogoo atakuwa supu
kabla hajafika mlangoni!"

Jumatano stima ikapotea.
Tukachora pembeni mwa madaftari,
tukapeperusha kurasa kwa kidole gumba, frrrr,
majogoo ishirini na mawili yakakimbia gizani.

Kerubo hakuchora jogoo.
Alichora mwanamume mwenye koti refu,
na geti, na usiku.
Stima iliporudi akaandika masharti yake,
herufi ndogo, hazina haraka:
taa za gari zikionekana, nyanyuka;
zisipoonekana, keti;
rudia mpaka kuche.
Mstari huo wa mwisho niliusoma mara mbili.

"Si ungeandika geti lijifungue lenyewe?" Barasa akasema.
"Mistari miwili tu."
Kerubo hakuinua macho.
"Likijifungua, yeye ataenda wapi?"

Lakini mtu wake alitembea vibaya.
Mguu wa kulia, fremu tano.
Wa kushoto, tisa.
Nikaona ni kosa la hesabu,
na mimi si nalipwa kusaka makosa?
Jioni, ukumbi mtupu, nikamrekebishia:
saba kwa saba,
mwendo laini kama wa mtu wa tangazo la benki.
Nikaenda nyumbani, nikala githeri, nikalala usingizi wa mtu mwema.

Asubuhi akafungua kazi yake, akaitazama,
hakuniuliza kitu.
Akazifuta saba zangu, moja baada ya nyingine.
Nikamweleza. Nikachora ubaoni.
Nikatoa maneno makubwa: mdundo, uwiano, ulinganifu.
"Ndiyo, mwalimu," akasema,
ile ndiyo ya mtoto aliyekwisha kukataa.
Tano. Tisa. Tano. Tisa.

Jumamosi ya mwisho tukatundika shuka nyeupe ukutani,
tukaziba madirisha kwa maboksi.
Wazazi wakaja na leso, na watoto wachanga, na mashaka.
Jogoo wa Barasa akavuka shuka kwa dakika nzima,
jicho lake moja likielea nje ya kichwa,
na mama yake akapiga makofi mpaka tukamsihi akae.

Kisha usiku wa Kerubo ukaingia. Geti. Koti.
Ndipo nyuma yangu mlango ukafunguliwa,
nikasikia kabla sijaona:
hatua, kisha mburuzo,
hatua, kisha mburuzo,
juu ya saruji.
Vidole vyangu vikaanza kuhesabu mfukoni bila kunitaka ruhusa.

Alikuwa ametoka zamu moja kwa moja, Lavington hadi hapa,
macho mekundu, tochi bado kiunoni.
Akasimama katikati ya njia.
Mbele yake, kwenye shuka,
yule mwingine alinyanyuka, akavuta mguu, akalifikia geti,
akalisukuma kwa bega,
akarudi, akaketi.
Akanyanyuka tena.
Hakuna aliyekohoa.

Taa zilipowashwa nilitaka kumwambia kitu,
sikumbuki nini, pengine pole, pengine hongera.
Alinipita kwa salamu ya kichwa
na kumwendea bintiye,
akamwinamia kama fundi amwinamiaye fundi.
"Koti umelipatia," akasema.
"Ila kifungo cha juu kilikatika tangu Juni."

Kerubo akavuta kiti,
akakipiga kofi kipanya,
akakifuta.